Mbegu ya Mahindi Ipimwe Hadi Ghalani

Katika vilima vya Buhigwe mkoani Kigoma, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, msimu mkuu wa mvua huanza mwezi Oktoba na kwisha Mei. Mavuno ya msimu huo ndiyo yanayotegemewa kuilisha kaya kwa miezi mingi, kwa hiyo punje ya mahindi huweza kukaa ghalani muda mrefu kuliko ilivyokaa shambani. Hata hivyo, mbegu husifiwa kwa magunia inayotoa katika ekari na siku inazochukua kukomaa. Ni nadra mkulima kuambiwa punje zake zitakuwaje baada ya miezi sita darini. Naona hilo ni kosa kubwa. Ukinzani dhidi ya wadudu utafutwe katika vinasaba vya mahindi yenyewe, na upimwe mpaka ghalani.

Adui wa huko ni dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Scania. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na barani Afrika alitambuliwa kwanza Tabora, jirani kabisa na Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ni mdudu wa milimita tatu au nne tu, kichwa kimefichwa chini ya kifua, lakini hutoboa punje ingali kwenye gunzi na kuacha unga mwingi kuliko anaoula. Dawa ya Actellic Super imechanganywa sumu mbili kwa sababu yake: moja huua fukusi lakini haimdhuru sana dumuzi, nyingine ndiyo inayommaliza. Dawa hiyo inasaidia, ila lazima inunuliwe kila mwaka, na ikiwa imechakachuliwa mkulima hugundua mahindi yakishaharibika.

Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha kuboresha mahindi na ngano, na wenzao wa Kenya walipata ukinzani dhidi ya dumuzi katika mahindi ya kienyeji kutoka visiwa vya Karibi. Hautokani na jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo: ugumu wa punje, unene wa ganda lake, na kemikali kama asidi ya feruliki zinazozikaza kuta za seli hadi meno ya mdudu yapate shida. Jambo la kuvutia ni kwamba ganda hilo ni sehemu ya mmea mama. Chavua ikipeperuka kutoka shamba la jirani inaweza kubadili kiini na wanga wa punje, lakini ganda la punje za msimu huo hubaki lilelile la mama.

Wapo watakaosema njia hii ni ya polepole, na kwamba mahindi yaliyopandikizwa jeni ya bakteria Bt yangemaliza kazi mapema. Majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yalifanyika Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, na serikali ikayasimamisha mwaka 2018. Hata yangeendelea, jeni ya Bt iliyotumika sana katika mahindi barani Afrika hulenga viwavi, kama funza wa mabua. Dumuzi ni mdudu wa jamii ya mbawakavu, haimgusi. Tena Afrika Kusini, ambako mahindi hayo yalianza kulimwa mwaka 1998, funza wa mabua waliizoea jeni hiyo kabla ya miaka 10 kwisha. Mdudu hupata kazi ngumu zaidi kuvuka vizuizi vingi vidogo kwa pamoja.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima anayerudia mbegu yake, na wengi hufanya hivyo kwa sababu ya bei. Chotara ikirudiwa, jeni zake hugawanyika na ukinzani unatawanyika mmea kwa mmea. Jibu ni kuziingiza jeni hizo pia katika mbegu za uchavushaji huria, zinazoweza kurudiwa misimu kadhaa bila kupoteza sifa zake haraka. Na pale Kasulu, Kibondo na Buhigwe majaribio ya mbegu yanapofanyika, sehemu ya mavuno ya kila aina iachwe bila dawa, ikiwa na dumuzi ndani, kisha ipimwe uzito miezi mitatu na miezi sita baadaye, kabla aina hiyo haijapewa kibali cha kuuzwa.