Je, Wajua? Chai ya Kijani Hukaangwa

Je, wajua kwamba chai ya kijani ikikaangwa hugeuka kahawia? Wajapani huiita hojicha, nayo ilianzia Kyoto miaka ya 1920. Moto hupunguza ukakasi na kuleta harufu ya karanga.

Ukiwa Musoma, Bunda au Butiama, usihangaike kuisaka. Kaanga majani makavu ya chai ya kijani kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto mdogo, hadi yanukie. Yaloweke kwa maji moto, chuja, acha ipoe, kisha saga pamoja na ndizi mbivu na mtindi. Ongeza uji mzito wa ulezi uliopoa: gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalsiamu.

Mwenye upungufu wa damu aiache chai. Tanini iliyomo kwenye chai hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma.