Je, wajua meseji hupita pale sauti inapokwama?

Ukiwa Katumba Songwe, wilayani Kyela, jirani na mpaka wa Tanzania na Malawi, usishangae saa ya simu yako ikirudi nyuma kwa saa nzima bila kuguswa. Simu haijaharibika. Imenasa mnara wa ng'ambo ya Mto Songwe, na saa za Malawi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwa aliye sokoni Kasumulu hilo ni jambo la kucheka. Kwa mvuvi aliye peke yake Ziwa Nyasa usiku, injini imezima na upepo wa kusini umeanza, ni jambo la kulitazama kabla hajaandika meseji ya kuomba msaada.

Meseji ninayoisema ni ile ya kawaida, isiyotaka intaneti. Simu iliyowashwa, hata kama iko mfukoni, huwa na mazungumzo mafupi na mnara: niko hapa, nipigiwe huku. Katikati ya miaka ya 1980 wahandisi wa Ulaya, akiwemo Mjerumani Friedhelm Hillebrand na Mfaransa Bernard Ghillebaert, waliona kwamba njia ya mazungumzo hayo hukaa wazi muda mwingi. Wakaamua kupitishia humo maandishi. Nafasi iliyopatikana ni baiti 140, zinazotosha herufi 160. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na Neil Papworth, kwa kompyuta, na ilikuwa salamu ya Krismasi tu.

Faida yake kwa mtu aliye porini au majini inatokana na huko kuokota nafasi iliyobaki. Sauti inataka njia iwe wazi pande zote mbili, muda wote mnapoongea. Mtandao ukikata kidogo, mazungumzo yamevunjika. Meseji inataka sekunde chache tu. Mtumbwi ukipanda juu ya wimbi, simu ikashika mnara kidogo, yaweza kuwa imekwenda. Ikishafika kwenye kituo cha kampuni ya simu huhifadhiwa hapo, na kituo hujaribu tena na tena kuifikisha kwa mlengwa hata kama simu yake imezimwa.

Lakini haina kipaumbele, na hapa ndipo wengi hupotea. Ukipiga 112, simu yako huruhusiwa kupitia mtandao wowote unaopatikana, hata usio wa laini yako, na huhitaji salio. Meseji haina ruhusa hiyo: laini yako isipokuwa na mtandao wake, au bando na salio vikiwa vimekwisha, haiendi. Nchi nyingine zimejenga mlango maalumu. Uingereza ilianza kujaribu meseji za dharura kwenda 999 mwaka 2009, kwanza kwa ajili ya viziwi, na mwenye simu hujisajili mapema. Kwetu, 112 ya polisi na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji zinatangazwa kuwa namba za kupiga. Kwa hiyo piga kwanza. Na ukiwa umenasa mnara wa Malawi, jua kwamba simu ya dharura itaelekezwa kule mtandao huo unakopeleka dharura za nchi yake.

Ikishindikana, andika kwa watu. Kwa maoni yangu, ufukweni Kyela mtu wa kwanza wa kuandikiwa ni kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) au mvuvi mwenzako mwenye boti, kabla hata ya mke nyumbani. Mke ataamka, atalia, kisha atamtafuta huyo huyo mwenye boti.

Ziwa lenyewe halisamehe. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na upepo wa kusini mashariki, ambao hutawala hasa Mei hadi Agosti, huyasukuma mawimbi urefu wote huo hadi kwetu kaskazini. Upande wa Matema na Ikombe, Milima ya Livingstone huziba minara. Katikati ya maji hakuna kilima cha kuziba, ila kuna mpaka mwingine usioonekana: kwa 2G ya kawaida, mnara hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35, kwa sababu ratiba yake ya kusubiri mawimbi ya redio yaende na kurudi inaishia hapo. Waweza kuona alama ya mtandao kwenye kioo, na bado hakuna kinachotoka.

Meseji ya kawaida haibebi mahali ulipo, lazima upaandike. Muda nao uandike, kwani muda unaooneshwa kwenye meseji huwekwa na kituo cha kampuni kilipoipokea, na pengine wewe uliiandika zamani. Mfano: "Niko peke yangu, injini imezima. Nje ya mdomo wa Mto Songwe, upepo wanisukuma upande wa Kiwira. Saa 3 usiku ya Tanzania. Usipige, andika." Hazifiki herufi 140.

Kiswahili kina bahati, maana herufi zake zote zimo katika orodha ya alama zinazoruhusu meseji kufikia herufi 160. Isipokuwa kituko kimoja: baadhi ya simu janja, ukiandika "ng'ambo", huibadilisha alama ile iliyonyooka ikawa iliyopinda. Iliyopinda haimo kwenye orodha. Papo hapo nafasi inashuka hadi herufi 70, meseji yako inakatwa vipande, na kila kipande kinasafiri peke yake. Emoji ya mikono ya kuomba hufanya vivyo hivyo.

Washa pia ripoti ya kufikishwa. Ikirudi, maana yake simu ya mwenzako imeipokea; kama ameisoma au amelala, ripoti haisemi. Ndiyo maana ni heri kuwaandikia watatu, na angalau mmoja wao awe na injini inayowaka.