Gesi ya Friji Haiishi, Huvuja

Friji ikiacha kugandisha, wengi wetu tunalijua jibu la fundi kabla hajafungua begi lake: gesi imeisha, tuongeze. Jibu hilo lina kasoro. Gesi ya friji haiungui kama petroli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa: kompresa huisukuma, hupoa kwenye mirija ya nyuma na kuwa kimiminika, hupenya kapilari nyembamba, kisha hugeuka mvuke ndani ya friji na kuchukua joto la chakula. Mfumo usiotoboka huweza kufanya kazi miaka mingi kwa gesi ileile iliyotiwa kiwandani. Kwa hiyo ama gesi haijapungua, na kosa liko kwenye themostati, mpira wa mlango au mirija iliyojaa vumbi. Ama imepungua, na pana tundu. Anayeongeza gesi bila kulitafuta tundu anakuuzia baridi ya muda mfupi.

Kabla ya kugusa chochote, fundi asome kibandiko cha nyuma ya friji au cha kompresa. Friji za zamani zilitumia R12, inayobomoa tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ya 1987 iliiwekea ukomo, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuachana nayo. Ikaja R134a, ambayo haiharibu ozoni lakini hunasa joto angani takriban mara 1,400 zaidi ya hewa ukaa. Friji yenye gramu 120 tu za R134a, gesi hiyo ikimwagwa, ni sawa na kutoa kilo 170 hivi za hewa ukaa, zaidi ya zinazotokana na kuchoma lita 70 za petroli. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za kundi hilo.

Basi gesi ya aina hizi haifunguliwi ikaachwa ipulize. Fundi hubana vali ya kutobolea kwenye mrija wa huduma, huunganisha mashine ya kunyonyea, na kuielekeza gesi kwenye mtungi maalumu. Mtungi huo haujazwi zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa kimiminika hutanuka kikipata joto na huweza kuupasua. Mitungi ya kutumia mara moja isijazwe tena, wala gesi mbili zisichanganywe: mchanganyiko hausafishiki kwa urahisi, na gharama ya kuuteketeza ni kubwa. Marekani imekataza kumwaga R12 na jamii yake tangu Julai 1992, na katazo hilo likaenea baadaye hadi R134a. Kwa friji za nyumbani, mashine za sasa zinatakiwa kunyonya asilimia 90 ya gesi kama kompresa inafanya kazi, na asilimia 80 kama imekufa.

Friji nyingi mpya hutumia R600a, yaani isobutani. Athari yake kwa tabianchi ni ndogo mno, lakini inawaka. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama sakafuni, na ikifikia takriban asilimia 1.8 ya hewa, cheche moja inatosha. Hata mfumo wenye gramu 50 ni wa kuheshimiwa. Kwa mpira mrefu gesi hiyo hutolewa nje, mbali na jiko, na mirija isichomelewe mpaka mfumo uwe umesafishwa kwa naitrojeni. Usikubali pia friji ya R134a itiwe R600a au gesi ya kupikia: vifaa vyake vya umeme havikutengenezwa kuzuia cheche.

Baada ya kuziba tundu, mfumo hupimwa kwa naitrojeni kavu. Oksijeni kamwe: ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo hulipuka. Kisha hubadilishwa filta, pampu ya vakyumu huondoa hewa na unyevu, na gesi mpya hupimwa kwa mizani ya kidijitali kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kukisia kwa kugusa mrija kama umepoa si kipimo.

Mteja naye ana kazi. Muulize fundi: friji hii ina gesi gani, tundu liko wapi, mtungi wa kunyonyea uko wapi, na mizani iko wapi? Asiye na majibu usimkabidhi friji. Na ukiuza friji mbovu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, usimruhusu akate mirija uani kwako. Mwite kwanza fundi mwenye vifaa aitoe gesi. Malipo yake ni madogo kuliko hasara ya moto.