Goma: Kwa nini chukudu yenye mzigo mkubwa ni ngumu kusimamisha kwenye mtelemko

Kwenye barabara inayotoka Kibumba na kushuka kuelekea mji wa Goma, katika Kivu ya Kaskazini, chukudu hubeba viazi, kabichi, mbao na makala. Chombo hiki cha mbao, chenye magurudumu mawili yaliyovikwa mpira wa pine kuukuu, kinalisha familia nyingi. Kinaweza pia kuua, freni ikishindwa na mzigo. Fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari inaeleza sababu.

Kwanza, kilo na uzito si kitu kimoja. Sokoni watu husema gunia lina uzito wa kilo 100. Kwa mwalimu wa fizikia, kilo 100 ni misa, yaani wingi wa viazi vyenyewe. Uzito ni nguvu ambayo dunia inavuta gunia hilo kuelekea chini, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kila kilo inavutwa kwa karibu nyutoni 9,8, hivyo gunia la kilo 100 linavutwa kwa nyutoni 980. Gunia hilo likipelekwa mwezini, hakuna kiazi kitakachopungua, lakini uzito wake utabaki karibu sehemu moja tu ya sita.

Mahali penye tambarare, udongo unasukuma chukudu kuelekea juu kwa nguvu sawa na uzito wake, na nguvu hizo mbili zinamalizana. Mwendeshaji anapambana na msuguano tu, na kazi ya kuanzisha mwendo. Ndiyo sababu kijana mmoja anasogeza mamia ya kilo ambazo hawezi kuinua hata kidogo.

Kwenye mtelemko hesabu inabadilika. Tuchukue chukudu, mzigo na mwendeshaji, jumla kilo 400, kwenye barabara inayoshuka metro 1 kila metro 10. Sehemu moja ya kumi ya uzito inavuta kufuata barabara: nyutoni 392. Ni kama kilo 40 zinazoning'inia kwenye kamba na kuvuta chukudu mbele, bila kupumzika.

Wengi wanafikiri kwamba mzigo mkubwa unashuka haraka zaidi kwa sababu ni mzito. Galileo, mtaalamu wa Italia aliyefariki mwaka 1642, alionyesha kwamba sivyo. Kilo zikiongezeka mara mbili, nguvu inayovuta inaongezeka mara mbili, lakini kitu cha kusogeza nacho kimeongezeka mara mbili. Bila freni, mwendo unakua karibu sawasawa.

Hatari iko katika kusimama. Chukudu hupunguzwa mwendo kwa mguu unaokandamiza kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Kilo zinaongezeka, lakini nguvu ya mguu inabaki ileile. Tuseme freni inatoa nyutoni 600, na tuache msuguano mwingine. Kwa kilo 400, zinabaki nyutoni 208 za kupunguza mwendo. Chombo kinachokwenda kilometa 10 kwa saa kitasimama baada ya metro 7 hivi. Kwa kilo 600, mtelemko unavuta kwa nyutoni 588, na freni inabaki na 12 tu: itahitaji karibu metro 200. Kwa kilo 700, mtelemko unashinda freni, na chukudu inazidi kukimbia hata mguu ukikandamiza.

Mwendo nao una bei yake. Chukudu ileile ya kilo 400, ikikimbia kilometa 20 kwa saa, haihitaji metro 14 bali karibu 30, kwa maana mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Mvua ikilowesha mpira, msuguano unapungua na umbali unarefuka tena.

Basi freni ianze kukandamizwa juu, kabla mwendo haujakua. Na magunia yahesabiwe wakati wa kupakia, kwa sababu katikati ya mtelemko, mbele ya watoto na mama wauzaji kando ya barabara, hakuna tena nafasi ya kuyapunguza.