Ufito wa Jigi kwa Maji ya Kigombe

Jigi ni kipande cha chuma au risasi kilichochongwa kwa mfano wa samaki mdogo, chenye uzito wa gramu 60 hadi 300, na ndoana yake hufungwa kwa uzi mfupi upande wa kichwa. Huteremshwa wima chini ya chombo mpaka iguse mwamba, kisha hupandishwa kwa mishtuo ya mkono na kuachiwa ishuke tena. Chambo hakitumiki. Kinachomdanganya samaki ni mwendo: jigi inaruka, inalala ubavu, inadondoka ikimetameta kama dagaa aliyeumia. Mwendo huo hutoka kwenye ufito. Ufito mgumu mno huirusha jigi kama jiwe. Ufito mlegevu mno hupinda wenyewe huku jigi imebaki palepale chini. Ndiyo maana ufito usiolingana na maji yanayovuliwa ni hasara, hata uwe wa bei kubwa kiasi gani.

Kigombe, kijiji cha wavuvi wilayani Muheza kando ya barabara ya pwani itokayo Tanga kwenda Pangani, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa sababu kazi ya jigi hapo si ngeni. Kigeni ni kifaa tu. Mvuvi wa mshipi hukaa ndani ya ngalawa, mshipi umepita juu ya kidole cha shahada, chubwi imefika chini. Huinua kidogo, hushusha, husikiliza. Kidole kinatambua mwamba, mchanga, changu anayedonoa na chewa anayemeza. Ngisi nao huvuliwa kwa chambo bandia chenye umbo la kamba na taji la sindano mkiani, kikichezwachezwa kwa kifundo cha mkono. Ufito wa jigi umeundwa ufanye kazi ya kifundo hicho na kidole hicho kwa pamoja.

Mwenye mshipi wa mkono anaweza kuuliza anahitaji ufito wa nini, na swali lake ni la haki. Kwa changu wa mwambani, mshipi wenye chambo ni rahisi kuliko ufito wowote na mara nyingi unaleta samaki wengi zaidi. Ufito unaanza kuwa na maana jigi inapokuwa nzito na uzi ukawa mwembamba. Nyuzi za kusuka zinazotumika kwa jigi zina unene wa robo milimita hivi na zinabeba zaidi ya kilo 20. Kolekole mkubwa akikimbia nao mkononi, uzi huo unakata kidole mpaka mfupani. Tena hauvutiki kama nailoni. Nailoni hurefuka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kabla haijakatika, na kurefuka huko kunapunguza mshtuo wa samaki. Uzi wa kusuka hauna huruma hiyo, kwa hiyo lazima kitu kingine kipinde badala yake.

Kosa la kawaida ni kuanzia dukani, kwenye rafu ya fito. Hesabu inatakiwa ianzie chini ya bahari na kupanda: kwanza kina na mkondo, halafu uzito wa jigi, halafu uzi, na mwisho ufito.

Upande huu wa Tanga bahari ya kina kifupi ni nyembamba. Baada ya fungu na miamba ya karibu, sakafu inashuka kwa ngazi na kwa ghafla kuelekea Mkondo wa Pemba, ambao katikati yake kina hufikia takriban mita 800. Ukingo wa mteremko huo ndio mahali pa jigi: kolekole, songoro, nguru na mzia hupita hapo wakiwinda, na chewa hukaa kwenye mapango yake. Mvuvi anayepima kwa mikono, pima moja ikiwa karibu mita 1.8, atavua kwenye pima 20 hadi 40, yaani kati ya mita 36 na 72.

Kina pekee hakitoshi kupanga uzito. Maji ya pwani hii yanakwenda kaskazini karibu mwaka mzima. Msimu wa kusi mkondo huo hupata nguvu, na kaskazi inapovuma hulegea. Juu ya hayo kuna kupwa na kujaa. Siku za bamvua jigi ya gramu 100 iliyoteremshwa kwenye pima 30 haifiki chini ilipokusudiwa. Uzi unajikunja tumbo kama tanga lililojaa upepo na mvuvi anatikisa uzi mtupu. Siku za maji mafu jigi hiyohiyo inashuka kama timazi. Kipimo cha kuanzia ambacho wavuvi wa jigi wengi hukifuata ni gramu 2 kwa kila mita ya kina, halafu macho yanaamua: uzi ukiingia majini kwa kulala badala ya kusimama, ongeza uzito. Kwa Kigombe basi, jigi za gramu 80 hadi 150 zinatosha siku nyingi, na ya gramu 200 inangojea bamvua.

Hapo ndipo maandishi yaliyo juu ya ufito, kidogo mbele ya mshiko, yanapoanza kusomeka. Fito nyingi za jigi zinaandikwa mambo matatu. La kwanza ni urefu, mara nyingi kwa futi: futi 5 hadi 6 na nusu. La pili ni uzito wa jigi, kwa mfano gramu 80–200. La tatu ni herufi PE pamoja na namba, na hili ndilo linalowababaisha wanunuzi. Ni kipimo cha Wajapani cha unene wa uzi wa kusuka: PE 1 ina unene wa milimita 0.165 hivi, PE 3 ina karibu milimita 0.285. Ufito ulioandikwa PE 2–4 umetengenezwa kwa nyuzi za unene huo. Ukiufungia uzi wa PE 8 kwa sababu samaki ni wakubwa, ufito ndio utakaokatika kwanza.

Uzito ulioandikwa ni mipaka, na ufito haufanyi kazi vizuri kwenye mpaka. Ulioandikwa gramu 80–200 huwa na raha kwenye gramu 120 hadi 150. Mnunuzi ambaye jigi yake ya kila siku ni ya gramu 200 atafute ulioandikwa 150–300, si huo.

Kupinda ndiko kunakotenganisha fito za jigi. Zipo ngumu na za haraka, ambazo ncha yake tu ndiyo inayokubali. Hizo ni za mtu anayesimama na kupandisha jigi kwa spidi, mshtuo mmoja kwa kila mzunguko wa rili (gurudumu la kuviringia uzi), akiwatafuta jodari na kolekole wakubwa. Ni kazi ya jasho. Dakika 20 zinatosha kumwonyesha mtu umri wake. Zipo pia nyembamba zinazopinda mwili mzima na kurudi taratibu. Hizo zilitokana na mtindo wa jigi ya polepole uliokuzwa Japani na mvuvi Norihiro Sato: rili inazungushwa robo au nusu, ufito unapinda, unajinyoosha wenyewe na kuinyanyua jigi, kisha jigi inaachiwa ianguke ubavu. Samaki wengi huipiga inapoanguka. Kwa chewa na changu wakubwa wanaokaa chini, mtindo huu unashinda spidi, na mvuvi wa mshipi huujua mara moja kwa sababu ndio mchezo wa mkono wake.

Faida ya kupinda inaweza kuhesabiwa. Chukua ufito wa mita 1.8, kitako kikiwa kwapani na mkono wa mbele ukishika sentimita 60 kutoka kitakoni. Samaki anavuta chini kwa kilo 5. Ufito ukikataa kabisa kupinda na kubaki mlalo, kwapa linasukumwa kwa kilo 10 na mkono wa mbele unabeba 15. Ukipinda mpaka ncha ibaki sentimita 60 tu mbele ya mkono, kwapa linapokea kilo 5 na mkono 10. Samaki ni yuleyule. Ufito mrefu na mgumu humfanyia kazi samaki dhidi ya mvuvi, na hilo ndilo linaloeleza ufupi wa fito za jigi ukizilinganisha na za kurushia kutoka ufukweni.

Ngalawa inaleta sharti lake. Kwenye boti ya faiba mvuvi husimama ubavuni na ufito wa mita 1.6 unamfaa sana. Kwenye ngalawa kuna mirengu na ndubi pande zote mbili, na samaki akizunguka chini yake uzi mwembamba ukikwaruza ubao unakatika papo hapo. Ufito wenye mita 1.8 hadi 1.9 unampa mvuvi nafasi ya kuusogeza uzi mbali na mbao, ingawa mkono unalipa. Kuvulia omo au tezi kunapunguza tatizo. Anayenunua ufito mmoja tu kwa maji haya, avulie ngalawa leo na boti kesho, atafanya vizuri kuchukua wa mita 1.8, gramu 80–200, PE 2–3, unaopinda kuanzia ncha mpaka katikati na kukaza chini.

Kuhusu malighafi, fito za faiba zilienea tangu miaka ya 1940 na za kaboni tangu miaka ya 1970. Kaboni ni nyepesi na inaleta habari za chini mkononi kwa haraka. Anayekuja kutoka kwenye mshipi wa mkono ataipenda kwa hilo. Lakini haivumilii kugongwa na chuma, na hukatika ikiinuliwa wima huku samaki yuko chini kabisa ya chombo, kwa kuwa mzigo wote unahamia kwenye ncha. Faiba ni nzito na bubu zaidi, ila inasamehe. Ngalawa yenye nanga, mawe na miguu ya watu watatu si mahali salama pa kaboni tupu. Fito zilizochanganywa kaboni na faiba hazisifiwi sana kwenye matangazo, na kwa chombo kidogo ndizo zenye akili.

Dukani ufito unakaguliwa kwa mikono. Tazama kwanza umeundwa kwa rili gani. Rili inayokaa juu huhitaji pete ndogo na nyingi. Inayoning'inia chini huhitaji pete ya kwanza kubwa, na kubadilishana hakufai. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete: kikinasa nyuzi, kuna ufa, na ufa huo utakata uzi wa kusuka kabla ya mwamba. Kaza skrubu za kikalio cha rili na ujaribu kuitikisa. Ikicheza kidogo dukani, baharini itacheza sana. Kisha pitisha uzi kwenye pete zote, fungia mfuko wa sukari wa kilo 1 na uinue taratibu. Mkunjo uwe laini bila pembe, na uzi usiguse mwili wa ufito kati ya pete na pete. Muuzaji anayekataa jaribio hili ameshajibu swali. Pete zenye fremu ya chuma cha kawaida ziachwe; chumvi ya Kigombe huzimaliza upesi. Na anayesafiri kwa daladala au bodaboda afikirie ufito unaoungika karibu na mshiko, kwani ule wa kipande kimoja wa mita 1.8 hauna pa kukaa.

Kikomo cha juu cha uzito kina maana nyingine kwenye maji haya. Kuanzia mwaka 2003 silikanti, samaki wa ukoo uliodhaniwa umetoweka na dinosaria, walianza kunaswa Tanzania kwenye majarife ya kina kirefu, na wengi walitoka pwani ya Tanga, Kigombe ikiwemo. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009. Silikanti hai wa kwanza kujulikana na wanasayansi alipatikana Afrika Kusini Desemba 1938, miezi miwili tu baada ya kampuni ya DuPont kuitangaza nailoni, na ni nyuzi za aina hiyo ndizo zilizokuja kumfikia huku. Visiwani Komoro, ambako huitwa gombessa, alikuwa akinaswa na mishipi ya mkono iliyoteremshwa usiku kwenye miteremko. Huishi kwenye maji baridi ya kina kirefu, na akipandishwa kwenye maji ya juu yenye joto ni nadra apone. Ufito unaoishia gramu 200 hauwezi kuvua sawasawa huko, na hilo ni jambo la kuushukuru. Unaobeba gramu 400 unamkaribisha mwenye nao ajaribu pima 80 kwenye mteremko, ndani ya hifadhi, alipo samaki ambaye sheria inamlinda. Vibali vya kuvua ndani ya hifadhi huulizwa kabla ya safari, pamoja na maeneo yaliyofungwa.

Baada ya kazi ufito huoshwa kwa maji baridi, pete moja moja, na kikalio cha rili hufunguliwa ili chumvi isigande ndani. Ukaushwe kivulini. Kusimamishwa pembeni wiki nzima huupinda ncha. Ulazwe juu, kwenye fito za paa, mbali na watoto na mlango.