Goti Linalouma Mara kwa Mara: Tusiache Michezo, Tupime Mzigo



Kila mpenda michezo wa Gitega au Muyinga anamjua mwenzake ambaye goti limemsumbua kwa miezi mingi. Akicheza mpira Jumapili, Jumatatu anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Akipumzika wiki tatu maumivu yanakwisha. Akirudi uwanjani, nayo yanarudi. Mwishowe watu humwambia: "Acha michezo, umri umekwenda." Sisi tunaona kwamba mara nyingi ushauri huo si sahihi, na yafaa tueleze sababu.

Jambo hili si la uwanjani peke yake. Mfanyakazi hana mtaji mwingine ila mwili wake. Mpagazi wa sokoni, mwashi anayechuchumaa, mama anayelima kilimani, kijana anayebeba abiria kwa baiskeli: goti likikataa, riziki ya nyumba nzima inayumba.

KWA NINI MAUMIVU HURUDI

Maumivu ya mbele ya goti, kuzunguka ile pia yake, mara nyingi hayatokani na ajali moja. Huanza pale goti linapobebeshwa mzigo kuliko lilivyozoea, au kuliko nguvu ya misuli inayolitegemeza. Misuli hiyo ni ile ya mbele ya paja, pamoja na ya nyonga na makalio. Mtu akipumzika kabisa, maumivu hutulia, lakini misuli nayo hulegea. Kwa hiyo anaporudi kucheza kama zamani, goti lake limepungukiwa na walinzi. Anayejikaza na kucheza juu ya maumivu makali hukosea. Anayelala kitandani kwa wiki nyingi hukosea pia.

Zaidi ya hayo, sisi tunaishi katika nchi ya vilima. Wengi huogopa kupanda, kumbe goti huteswa zaidi na kushuka. Wakati wa kushuka, misuli ya paja hufanya kazi ya breki, na pia ya goti hukandamizwa kwenye mfupa wa paja. Mwenye maumivu apande kilima akipenda, lakini ashuke kwa hatua fupi, bila kukimbia, mpaka goti lipate nguvu.

TUHESABU KAZI NA MICHEZO PAMOJA

Kosa kubwa ni kuhesabu dakika za uwanjani tu. Goti halitofautishi gunia na mpira. Tuchukue mfano wa mpagazi: Ijumaa amebeba magunia kutwa, Jumamosi asubuhi amekimbia na wenzake kisha akaenda kwenye kazi za jamii, Jumapili amecheza mechi ya dakika 90. Atasema amecheza mara moja tu, lakini goti limefanya kazi siku tatu mfululizo bila likizo. Basi katika juma la kazi nzito, tupunguze michezo. Katika juma jepesi, tuongeze kidogo kidogo.

Kipimo ni rahisi. Tuyape maumivu namba kuanzia 0 hadi 10, ambapo 0 ni kutosikia chochote. Yakiwa hadi 3 wakati wa mchezo, na kesho yake asubuhi yametulia, mzigo unafaa. Yakiwa 4 au 5, tupunguze. Yakizidi 5, au goti likiamka limevimba, tusimame.

MAZOEZI YASIYO NA GHARAMA

Mazoezi haya yafanywe mara tatu kwa juma. Kwanza, egemea ukuta kwa mgongo, jishushe kama unayetaka kukaa, lakini usifike chini sana; kaa hivyo sekunde 30 hadi 45, mara tano. Pili, keti na kuinuka kwenye kiti bila kushika kwa mikono, mara 10, kwa mizunguko mitatu. Tatu, lala ubavu na uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 10 kila upande. Nne, panda na kushuka kidaraja kifupi polepole. Tusitazamie mabadiliko kwa siku tatu. Misuli huhitaji wiki 6 hadi 12.

Mwendesha baiskeli atazame kiti chake. Kiti kilicho chini mno hulikunja goti kupita kiasi. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka.

Mwenye uzito mwingi naye ana faida ya kupungua. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo 1 inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kiasi cha kilo 4 kwa kila hatua.

KUKIMBIA HAKULI GOTI

Wapo wanaosema kukimbia humaliza magoti. Mwaka 2017 wataalamu waliunganisha tafiti nyingi wakaona kwamba ugonjwa wa kulika viungo vya nyonga na goti ulikuwa kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Kwa wakimbiaji wa mashindano ulikuwa asilimia 13.3. Takwimu hizi hazisemi kwamba kukimbia ni dawa, lakini zinaondoa hofu: kukimbia kwa kiasi si adui.

Kuhusu vidonge vya kutuliza maumivu, tuwe waangalifu. Kuvimeza ili kucheza mechi ni kuizima kengele huku nyumba inaungua. Vingine, kama diklofenaki na ibuprofeni, vikitumiwa kwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Tusichelewe goti likivimba ghafla baada ya kuanguka, likikwama lisikunjuke, likilegea na kumwangusha mtu, likishindwa kubeba mwili, au likiwa jekundu na la moto pamoja na homa. Maumivu yanayoamsha usiku kila siku nayo yachunguzwe.

WAJIBU WETU WA PAMOJA

Mwenzetu akiumwa goti, tusimcheke kwamba ni mvivu. Mwakilishi wa wafanyakazi na azungumze na msimamizi: magunia yabebwe kwa zamu, mizigo mizito ichukuliwe na watu wawili, aliyeumia apewe kazi nyepesi kwa muda badala ya kufukuzwa. Nahodha wa timu naye asimharakishe mchezaji arudi kwa ajili ya mechi moja. Mechi itakwisha jioni. Jumatatu mtu huyo anahitaji miguu yake kazini.

Ndugu, tucheze, tukimbie, tupande vilima vyetu. Lakini tupime mzigo kabla goti halijatupimia.