Kasuku wa Milimani na Mti Mkongwe

Likitajwa jina la kasuku, watu wengi humkumbuka yule ndege wa rangi ya kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye hufugwa katika tundu na kufundishwa maneno ya wanadamu. Lakini nchi ya juu ya Kenya ina kasuku wake mwingine, naye hakuletwa na mtu. Makao yake ni misitu ya baridi, kama ile ya Cherangani, Aberdare na Mlima Kenya.

Kasuku huyu ni wa rangi ya kijani, na urefu wake hupata sentimeta 26 mpaka 30. Paji la uso wake, bega la bawa na mapaja yake yana wekundu wa chungwa lililoiva. Kinda hana wekundu huo mpaka akue. Mtaalamu wa Scotland, Sir William Jardine, ndiye aliyempa jina la kitaalamu katika mwaka 1849.

Alfajiri ndege hawa huruka juu sana, wakipiga kelele kali, kwenda kutafuta chakula; jioni hurudi pamoja kulala. Hupenda mbegu za mpodo, matunda ya mtarakwa, zeituni za mwitu na tini. Wakati wa kula hunyamaza, hata mtu aliye chini ya mti asiwaone, ila maganda yanayodondoka humjulisha kwamba wapo. Kila mguu una vidole viwili mbele na viwili nyuma. Kwa hiyo kasuku hukamata tunda kwa mguu mmoja kama mtu atumiavyo mkono.

Hajengi kiota cha majani. Hutaga mayai 2 mpaka 4 ndani ya shimo la mti, na jike huyaatamia kwa siku 27 hivi, huku dume akimletea chakula.

Hapo ndipo penye shida. Shimo la kumtosha kasuku hupatikana katika mti mkongwe ulioanza kuoza ndani. Mtu wa Kapseret, karibu na Eldoret, anakaa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, naye amezoea kuona misunobari na miwati iliyopandwa. Miti hiyo ina faida kubwa kwa mbao na kuni, lakini hukatwa ingali michanga, kabla haijapata mashimo. Mpodo hukua polepole mno; aukataye leo, mjukuu wake hatauona mwingine wa ukubwa ule.

Tena, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumkamata wala kumfuga ndege wa mwituni bila kibali. Lakini sheria hiyo pekee haitoshi kumpa kasuku nyumba. Basi, mwenye shamba aliye na mti mkongwe wa asili mpakani, asiuhesabu kuwa ni kuni tu. Huenda shimo lile analoliona kuwa ni kilema cha mti ndilo mlango wa nyumba ya ndege.